Namna ya Kuutafuta Muziki wa Kielektroniki wa Kudansi Wenye Kodi na Melodi Zilizokomaa

Mtu aliyekulia kwenye kwaya ya sauti nne, au aliyezoea kumsikiliza mpiga kinanda wa bendi ya dansi akizunguka kodi tatu nne zisizotarajiwa kabla ya kurudi kwenye kiitikio, akiingia kwenye muziki wa klabu hukutana na shida moja. Ngoma zinapendeza na mwili unaitika, lakini baada ya dakika mbili anagundua kwamba juu ya ngoma hizo hakuna kilichotokea: kodi ni zilezile mbili, na melodi ni noti nne zinazojirudia hadi mwisho. Wengi huishia kuamini kwamba muziki wa kutengenezwa kwa mashine ndivyo ulivyo, nao hurudi kwenye jazi au rumba wakiwa na hakika kwamba hawajaacha kitu nyuma.

Wameacha kitu. Muziki wa kielektroniki wenye kodi za kufikiriwa na melodi ndefu upo tangu katikati ya miaka ya 1980, ila umetawanyika ndani ya karibu kila mtindo, na jina la mtindo halimwambii mtafutaji kama ataukuta au hataukuta. Njia ninayoieleza hapa ina msingi mmoja tu: usifuate jina la mtindo, fuata mikono iliyopiga kinanda. Kabla sijaendelea niseme kwamba neno "kodi" katika makala haya lina maana ya wanamuziki, yaani noti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja; ile ya Mamlaka ya Mapato haihusiki.

Hatua ya kwanza: Jua kwa hakika unachokitafuta

Ukisema unataka muziki "wenye kodi nzuri" utaletewa kila kitu. Ni afadhali ujue mambo machache unayoyasubiri kuyasikia, na kwa bahati nzuri msomaji aliyewahi kusoma nyimbo za kwaya kwa do-re-mi tayari ana lugha ya kutosha.

Chukua la, do na mi. Hiyo ni kodi ya maina ya kawaida, ile ya huzuni, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya muziki wa klabu. Ongeza so juu yake, na ukali wa huzuni ile unapungua. Ongeza na ti juu ya so, sasa una noti tano, la-do-mi-so-ti, na unachosikia hakiwezi tena kuitwa huzuni wala furaha. Kodi za namna hii, zenye noti ya saba na ya tisa (ukihesabu kutoka la, so ni ya saba na ti ni ya tisa), ndizo wapigaji wa jazi na soul walizozitumia kila siku, na ndizo zilizoingia kwenye muziki wa hausi (house), ule wa klabu uliozaliwa Chicago, tangu siku zake za mwanzo. Jizoeze kuzitambua kwa kuzipiga mwenyewe kwenye programu yoyote ya piano ya simu, kwanza noti tatu, kisha nne, kisha tano, hadi sikio litakapokuambia tofauti bila kuhesabu.

Jambo la pili ni besi. Mpigaji akishikilia do-mi-so kwa mkono wa kulia, na besi ikapiga do, tuko nyumbani. Mkono wa kulia usiposogea hata kidogo na besi ikashuka hadi la, noti zilezile tatu zinageuka kuwa sehemu ya kodi ya maina. Besi ikishuka tena hadi fa, zinaanza kuelea kana kwamba zimenyanyuliwa kutoka ardhini. Watengenezaji hodari wa muziki wa kudansi wanautegemea ujanja huu kuliko mwingine wowote, kwa sababu unawaruhusu kubadilisha maana ya wimbo mzima bila kuuvuruga mzunguko unaowachezesha watu.

Jambo la tatu lina historia ya kuchekesha kidogo. Vinanda kadhaa vya miaka ya 1980, kikiwemo Korg Polysix cha mwaka 1981, vilikuwa na uwezo wa kukumbuka kodi: unashika kodi moja, unabonyeza kitufe, na kuanzia hapo kila noti moja utakayoigusa inatoa kodi nzima yenye umbo lilelile. Kijana asiyejua kupiga piano aliweza kupiga kodi nzito kwa kidole kimoja. Lakini mwalimu wa kwaya angeshtuka, kwa sababu la-do-mi ikisogezwa juu hatua nzima huwa ti-re-fe, na ile fe, yaani fa iliyopandishwa nusu hatua, haimo kwenye ufunguo wa wimbo. Kodi zinazoteleza kwa umbo moja, zikitoka nje ya ufunguo na kurudi, ndizo zinazoupa muziki wa Chicago na Detroit ile rangi yake ya ajabu, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya michango mikubwa ya mashine katika muziki, ingawa ilianza kama njia ya mkato.

Kuhusu melodi, kipimo ni chepesi: hesabu ni baa ngapi, yaani makundi ya mapigo manne, zinapita kabla haijajirudia, kisha uangalie inatua kwenye noti gani. Melodi inayotua kila mara kwenye noti ya chini ya kodi hufa mapema. Ile inayotua kwenye noti ya saba au ya tisa hubaki ikisubiri jambo, na huko kusubiri ndiko kunakokufanya uuweke wimbo tena.

Hatua ya pili: Tafuta kifaa kinachotoa besi

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Spika ya simu haitoi noti za chini, na kwa kuwa besi ndiyo inayoamua kodi ni ipi, ukisikiliza kwa spika ya simu unasikia wimbo mwingine kabisa, mara nyingi ulio maskini zaidi. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha. Pia usiuhukumu wimbo kwa sekunde thelathini za mwanzo. Nyimbo hizi zimetengenezwa ili dijei aziunganishe, kwa hiyo dakika moja au mbili za kwanza, na za mwisho pia, huwa ni ngoma tupu. Nenda moja kwa moja hadi dakika ya tatu, sikiliza hapo, kisha ndipo uanze mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo, miksi ndefu za madijei hazimfai anayeanza kutafuta: dijei mara nyingi huunganisha sehemu za ngoma na kuziacha zile ambazo kinanda kinazungumza.

Hatua ya tatu: Anzia Chicago na Detroit

Najua ushauri wa kuanzia mwanzo huchosha, lakini hapa una sababu. Muziki wa hausi ulipata jina lake kutokana na klabu ya Warehouse ya Chicago, ambako Frankie Knuckles alipiga santuri kuanzia mwaka 1977, na miaka michache baadaye vijana wa mji huo walianza kutengeneza nyimbo zao nyumbani kwa vinanda na mashine za ngoma. Wengi wao hawakuwa wanamuziki. Mmoja aliyekuwa nao ujuzi alikuwa Larry Heard, aliyejulikana pia kama Mr. Fingers, ambaye kabla ya hapo alikuwa mpiga ngoma kwenye bendi.

Weka "Can You Feel It" ya mwaka 1986. Vifaa ni viwili tu, kinanda cha Roland Juno-60 na mashine ya ngoma ya TR-909, na wimbo hauna haraka yoyote. Sikiliza mara ya kwanza ukiwa na besi peke yake masikioni, ukiiimba kwa sauti ya nne kama mwanakwaya. Utaona kwamba ni melodi kamili ambayo ingeweza kusimama bila kitu kingine. Mara ya pili sikiliza kodi zinavyoingia na kutoka juu yake, zikiwa zimelegezwa kwa noti ambazo mtu mwingine angeziacha. Sijakutana na somo jingine linalofundisha zaidi kwa vifaa vichache hivyo. Ukimaliza, tafuta albamu ya "Another Side" ya mwaka 1988, aliyoitengeneza na kundi la Fingers Inc. pamoja na mwimbaji Robert Owens, kwa sababu hapo utasikia jinsi sauti ya binadamu inavyotembea juu ya kodi za aina hiyo.

Piano yenyewe iliingia kwa mlango mwingine. Marshall Jefferson, aliyetoa "Move Your Body" mwaka 1986, hakuwa mpigaji stadi. Aliziingiza noti polepole kisha akaiharakisha mashine, na matokeo yake ni piano ya kasi ambayo vidole vyake visingeifikia. Kodi zake si ngumu kama za Heard, lakini mpangilio wake unafaa kusikilizwa kwa ajili ya namna piano na besi zinavyojibizana.

Kutoka hapo vuka hadi Detroit. "Strings of Life" ya Derrick May, iliyotoka mwaka 1987 kwa jina la Rhythim Is Rhythim, ilijengwa juu ya piano iliyopigwa na Michael James, na haina mstari wa besi. Kumbuka nilichosema juu ya besi kuamua kodi: hapa hakuna wa kuamua, kwa hiyo piano na nyuzi zinabaki hewani muda wote, na pengine ndiyo sababu wimbo huu haujachakaa. Baada yake sikiliza "Hi-Tech Jazz" ya Galaxy 2 Galaxy ya mwaka 1993, kutoka kwa kundi la Underground Resistance lililoanzishwa na Mike Banks na Jeff Mills, ambamo saksafoni inapewa nafasi ya kuzungumza kwa urefu juu ya mashine bila kuwa pambo. Carl Craig, wa mji huohuo, alikwenda mbali zaidi: kwa jina la Innerzone Orchestra alitoa albamu ya "Programmed" mwaka 1999 akimshirikisha Francisco Mora, mpiga ngoma aliyewahi kuwa kwenye bendi ya mwanajazi Sun Ra.

Hatua ya nne: Soma majina ya washiriki

Hapa ndipo utafutaji wenyewe unapoanza. Kila unapokutana na wimbo uliokugusa, nenda kwenye tovuti ya Discogs, ambayo ni orodha kubwa ya santuri na diski zilizowahi kutolewa, tafuta toleo hilo, kisha ushuke hadi sehemu inayotaja nani alipiga nini. Usiishie kwenye jina la msanii mkuu. Tafuta jina la aliyepiga vinanda na la aliyepanga nyuzi, libonyeze, na uone ni wapi pengine amepiga. Dakika kumi za kazi hii zinazaa kuliko wiki nzima ya kungoja mapendekezo ya programu za muziki, ambazo hupanga nyimbo kwa kuangalia wasikilizaji wengine walisikiliza nini na si kwa kuangalia kodi.

Nitatoa mfano mmoja uliofanya kazi kwangu. Nilianza na Nuyorican Soul, mradi wa Louie Vega na Kenny "Dope" Gonzalez wa New York, ambao albamu yao ya mwaka 1997 iliwakusanya wapigaji wakongwe kama Roy Ayers na George Benson kwenye midundo ya klabu. Ndani yake umo wimbo wa "I Am the Black Gold of the Sun", ulioimbwa na Jocelyn Brown, na wimbo huo ulifanyiwa rimiksi na kundi la London liitwalo 4hero. Rimiksi ikanipeleka kwenye albamu yao ya "Two Pages" ya mwaka 1998, ambayo sehemu yake moja ina nyuzi na besi za kweli na nyingine imejaa mashine. Kutoka kwa 4hero, ambao ni Dego na Marc Mac, njia ilikwenda hadi kwa Kaidi Tatham, mpiga vinanda na vyombo vingine vingi, na hapo nilikaa muda mrefu.

Tatham ni mmoja wa nguzo za muziki uliozaliwa magharibi mwa London mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao mashabiki huuita brokenbiti (broken beat) kwa sababu ngoma ya miguu haipigi mapigo manne yaliyonyooka bali imevunjwavunjwa. Kwa msikilizaji wa kodi, huu ndio mtindo uliojaa kuliko mingine yote. Watu wake walikusanyika kwenye usiku wa Co-Op, ulioanzia Velvet Rooms na baadaye ukahamia klabu ya Plastic People, na walirekodi pamoja kwa majina mengi yanayoingiliana kiasi kwamba bila kusoma majina ya washiriki huwezi kujua kwamba ni mikono ileile. Anza na albamu ya Tatham ya "It's a World Before You" ya mwaka 2018, kisha urudi nyuma hadi kwa kundi la Bugz in the Attic na lebo ya Dego ya 2000Black. Nakuonya tu kwamba mara ya kwanza midundo yenyewe inaweza kukuzuia usizisikie kodi. Rudia mara tatu kabla ya kukata tamaa.

Mfano wa pili ni mfupi zaidi. Sam Shepherd, anayejiita Floating Points, alisoma Chetham's, shule ya muziki ya Manchester, na baadaye akapata shahada ya uzamivu ya sayansi ya neva mjini London. "Vacuum Boogie" ya mwaka 2009 inachezeka bila shaka yoyote, lakini kodi zake zinapita katika njia ambazo dijei wa kawaida asingezigusa. Albamu yake ya "Promises" ya mwaka 2021, aliyoifanya na mpiga saksafoni Pharoah Sanders pamoja na London Symphony Orchestra, si ya kudansi hata kidogo, ila inaonyesha jinsi kishazi kifupi cha noti saba kinavyoweza kubeba vipande tisa bila kuchosha.

Hatua ya tano: Tumia lebo na redio zenye watu

Mtu anayeendesha lebo ndogo huwa na sikio lake, na ukikubaliana na sikio hilo mara tatu unaweza kuliamini mara ya nne. Ushahidi mzuri ni lebo ya Talkin' Loud, iliyoanzishwa London mwaka 1990 na dijei na mtangazaji Gilles Peterson. Ilitoa "Two Pages" ya 4hero. Ilitoa "New Forms" ya Roni Size na Reprazent, albamu ya dramu na besi (mtindo wa drum and bass) iliyoshinda tuzo ya Mercury ya Uingereza mwaka 1997. Ilitoa pia "Sincere" ya MJ Cole mwaka 2000, ambayo ni gareji ya Uingereza (mtindo wa klabu uitwao UK garage) iliyotengenezwa na mtu aliyefunzwa muziki wa klasiki. Kwenye maduka albamu hizo zingewekwa kwenye rafu tofauti, ilhali anayetafuta kodi angezitaka zote. Kwa upande wa dramu na besi peke yake, ongeza Good Looking Records ya LTJ Bukem, ambaye naye alijifunza piano ya klasiki, hasa mkusanyiko wa "Logical Progression" wa mwaka 1996. Kwa upande wa kizazi cha karibuni, angalia Eglo Records, lebo aliyoianzisha Floating Points pamoja na Alexander Nut.

Kwenye Bandcamp unaweza kuzipitia lebo ndogo kama hizi na mara nyingi kusikiliza wimbo mzima kabla ya kununua, na ukishanunua unapakua faili na kuisikiliza bila bando, jambo lenye uzito kwa wengi wetu. Redio ya NTS ya London, iliyoanza mwaka 2011, huhifadhi vipindi vyake vilivyopita na haidai malipo, na vipindi vingi vina orodha ya nyimbo zilizopigwa. Chagua mtangazaji mmoja unayemwelewa, msikilize kwa mwezi mzima, na uandike majina.

Hatua ya sita: Usiiruke Afrika Kusini

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi ameshaizoea amapiano kupitia bongo fleva, na huenda amekwisha kuamua kwamba ni muziki wa besi ya kugonga na vibwagizo tu. Uamuzi huo una haki kwa nyimbo nyingi zinazopigwa kwenye sherehe, lakini jina lenyewe linamaanisha piano kwa wingi wake, na muziki huo, uliokua kwenye vitongoji vya Gauteng katika miaka ya 2010, ulichota kutoka kwa hausi ya kina, kwaito na jazi. Hausi ya Chicago na New Jersey, ya akina Larry Heard na Kerri Chandler, imependwa Afrika Kusini kwa muda mrefu, kwa hiyo kodi za saba na tisa zilipoonekana kwenye amapiano hazikuwa ngeni.

Unachopaswa kukitafuta ni tawi ambalo mashabiki wameliita la shule za binafsi, jina la utani la kuusifu na kuukejeli kwa pamoja ule ulaini wake. Kelvin Momo ndiye wa kuanzia. Albamu yake ya "Kurhula" ya mwaka 2023 inakwenda kwa kasi ya kutembea, inaiweka ile besi iitwayo logi dramu nyuma kidogo, na kuwaachia wapiga vinanda na waimbaji nafasi ya mbele. Zingatia sauti za waimbaji wa nyuma. Mtu aliyelelewa kwenye kwaya atazitambua mara moja, kwa sababu mpangilio wake unatoka kanisani kama ule wa kwetu. Kutoka hapo unaweza kurudi kwenye hausi ya Afrika Kusini yenyewe, mathalani kwa Black Coffee, aliyesomea jazi mjini Durban na ambaye albamu yake ya "Subconsciously" ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2022, ingawa mimi nazipenda zaidi kazi zake za zamani.

Na singeli? Swali hilo huulizwa kila mara, na jibu langu ni kwamba singeli utajiri wake uko kwingine. Muziki huo wa Dar es Salaam umejengwa juu ya kasi na juu ya vipande vya taarabu vilivyokatwa na kuharakishwa, na taarabu inafikiri kwa lahani na makamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) kuliko kwa kodi zinazofuatana. Usiupime kwa kipimo hiki, utaudhulumu.

Hatua ya saba: Jaribu kuimba, na ujihadhari na mitego

Ukiwa na wimbo unaodhani ni mzuri, fanya majaribio matatu. Imba besi peke yake mwanzo hadi mwisho wa mzunguko. Ikiwa ni noti moja, kodi zilizo juu yake pengine ni rangi tu. Kisha imba sauti ya kati, si ile ya juu inayosikika haraka, kwa sababu mpangaji hodari huifanya sauti ya kati isogee hatua fupi fupi kutoka kodi moja hadi nyingine, na mpangaji mvivu huiachia irukeruke. Mwisho, upunguze mwendo. Kwenye YouTube unaweza kushusha kasi hadi 0.75 bila noti kushuka, na kodi iliyopita kama upepo sasa utaipata kwenye piano ya simu.

Mitego ni mingi, lakini miwili ndiyo iliyonipotezea muda zaidi. Wa kwanza ni mtindo wa transi (trance), hasa ile ya nyimbo kubwa za viwanjani: melodi zake ni ndefu na hisia ni kubwa, lakini ukichunguza utakuta mara nyingi ni kodi nne za noti tatu tatu, na ule mpando unaokusimamisha nywele unatokana na sauti kufunguliwa polepole na ngoma kuondolewa kisha kurudishwa. Ni ufundi halali, ila si huu tunaoutafuta. Mtego wa pili ni saksafoni au piano ya jazi iliyochukuliwa kama sampuli na kuwekwa juu ya kodi moja isiyobadilika. Orodha nyingi zenye maneno kama "hausi ya jazi" zimejaa nyimbo za namna hiyo, na mimi nilisikiliza mamia yake kabla sijaanza kuuliza swali rahisi: ukiiondoa saksafoni, kinabaki nini?

Hata hivyo usigeuke kuwa mhasibu wa kodi. "E2-E4" ya Manuel Göttsching, iliyorekodiwa Berlin mwaka 1981 na kutolewa mwaka 1984, ina kodi mbili tu kwa karibu saa nzima, na bado ni kazi ambayo mpenzi wa melodi hawezi kuikosa, kwa sababu vishazi vidogo juu ya kodi hizo vinabadilika bila kukoma na katika nusu ya pili gitaa linaingia na kuzipa kodi zilezile maana mpya.

Hatua ya nane: Rudi nyuma kuliko mashine

Weka daftari. Kila wimbo uliofaulu majaribio, andika jina la mpiga vinanda, la mpangaji na la lebo, na ikiwa wimbo ni wa kurudiwa au una sampuli, andika pia ulitoka wapi. Tovuti ya WhoSampled itakusaidia kwa sampuli nyingi na nyimbo zilizorudiwa. Baada ya miezi miwili au mitatu, pitia ukurasa kwa ukurasa na uwekee alama kila jina lililojitokeza zaidi ya mara mbili. Hayo ndiyo ya kuyafuata, hata kama hayajawahi kugusa kinanda cha kielektroniki.

Kwenye daftari langu ilitokea hivi. "I Am the Black Gold of the Sun", iliyonipeleka kwa 4hero, ilikuwa ya Rotary Connection, kundi la Chicago, na ilirekodiwa mwaka 1971. Baadaye 4hero haohao walirudia "Les Fleur" ya mwimbaji Minnie Riperton kwenye albamu yao ya "Creating Patterns" ya mwaka 2001. Nyimbo hizo mbili, zilipoandikwa kwenye mistari miwili inayofuatana, zilikuwa na mpangaji mmoja, Charles Stepney, aliyefanya kazi Chicago na aliyefariki mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya Knuckles kuanza kupiga santuri pale Warehouse. Siku hiyo niliacha kutafuta nyimbo mpya kwa wiki tatu, nikawa nasikiliza Stepney peke yake, na niliporudi kwenye "Can You Feel It" nilizisikia kodi ambazo mara zote za nyuma zilikuwa zimenipita.